Niandikie kwa Kitabu

Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia simu usiku, saa tatu imeshapita. Si kawaida yake. Yeye ni mtu wa kutuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake kikohozi. Nikashtuka nikidhani kuna msiba. Kumbe ni siasa. Anataka kugombea uwakilishi wa wadi mwaka 2027, na vijana wake wa kampeni wamemshauri achapishe kijikaratasi chenye historia ya ukoo.

"Wewe si ndiye mwandishi wetu?" akaniambia. "Basi niandikie habari za Mzee. Kurasa mbili tu. Na usisahau ile ya madeni."

Ile ya madeni naijua. Katika ukoo wetu hakuna asiyeijua. Ilisimuliwa matangani babu alipofariki mwaka 2006, ikasimuliwa tena siku ya kujengea kaburi, na husimuliwa kila harusi inapokosa mzungumzaji. Kwamba babu yetu, mwenye duka pale Taveta, alikaa siku moja na kitabu chake cha madeni, akachukua kalamu nyekundu, akafuta madeni ya watu. Hakuitisha chochote. Alisamehe tu. Msimuliaji humalizia kwa kuuliza, "Leo utampata wapi mtu kama huyo?" na watu huguna kwa kukubali.

Shida yangu ni moja. Kitabu chenyewe ninacho mimi.

Nilikipata duka lilipobomolewa ili mjomba mmoja ajenge vyumba vya kupangisha. Kilikuwa ndani ya debe la mafuta ya kupikia, pamoja na risiti, leseni kuukuu na kadi ya KANU iliyoliwa na mende. Ni kitabu kirefu chenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, vile vilivyotumiwa na makarani. Nilikichukua kama kumbukumbu. Miaka kadhaa kilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa. Baada ya simu ya baba mdogo nikakishusha, nikapangusa vumbi, nikaanza kusoma deni moja baada ya jingine.

Kwanza niwaeleze babu alikuwa nani, maana kijikaratasi cha kampeni hakitawaeleza vizuri.

Taveta ni mji wa mpakani. Upande mmoja Kilimanjaro, upande mwingine mashamba ya mkonge, katikati ndizi na soko la Jumatano na Jumamosi. Reli kutoka Voi ilifika huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Babu alianza kwa kuuza chumvi na kiberiti kwenye meza ya mbao karibu na soko. Baadaye akapata chumba, halafu vyumba viwili, halafu mizani ya kweli yenye mawe ya shaba. Ukutani alibandika vibao viwili. Kimoja kilisema: *Leo pesa, kesho mkopo*. Cha pili kilisema: *Mali bila daftari hupotea bila habari*. Cha kwanza hakukifuata. Cha pili alikifuata mpaka kufa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo upande wa pili kulikuwa na uhaba wa sabuni, sukari na mafuta, na babu alikuwa na duka lililojaa sabuni, sukari na mafuta. Njia za shambani hazina forodha. Hapo ndipo meza ya mbao ilipogeuka kuwa ukuta wa mawe na paa la vigae. Habari hizi hakuna anayezisimulia matangani. Mimi nimezitaja kwa kupita tu, kwa sababu si juu yake ninapotaka kuuliza.

Mwenye duka katika mji mdogo ni nusu mwanasiasa hata kama hajagombea. Anajua nani amelala njaa, nani ameanza kunywa, nani amepata pesa ghafla. Akisema "subiri mpaka mwisho wa mwezi" amekwisha kutawala. Mwaka 1983 babu akaamua kuirasimisha hali hiyo: akagombea udiwani. Wakati huo chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na kilikuwa kimoja kwa sheria tangu mwaka wa 1982, lakini wagombea walishindana ndani yake na kura ilikuwa ya siri. Akashindwa. Watu wa mji, kwa upole ule wenye kucheka kidogo, wakaanza kumwita Mheshimiwa. Jina likamganda. Alikufa akiitwa Mheshimiwa, na hakuwahi kukalia kiti hata siku moja.

Sasa turudi kwenye kitabu.

Kurasa za mwaka 1984 ndizo zilizojaa zaidi. Wanaokumbuka wanajua kwa nini. Mvua zilikataa, mahindi yakaadimika, watu wakapimiwa kwa gorogoro, na serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka nje, ambayo kwanza watu waliyadharau, kisha wakayapangia foleni. Katika kurasa hizo mwandiko wa babu unakimbia. Unga, unga, unga, mafuta ya taa, unga. Majina ambayo hayakuwa yamewahi kukopa yanaonekana kwa mara ya kwanza. Jina moja la mwanamke, ambalo sitalitaja, linarudi mara kumi na tisa katika miezi mitano. Hapakuwa na uchaguzi karibu. Uliokuwepo ulikuwa umeshapita na watu hao hao walikuwa wamemnyima kura. Bado aliwapimia.

Nilipofika hapo nilijivunia sana. Nikajiambia, kumbe baba mdogo yuko sawa, hadithi ni ya kweli.

Kisha nikafika Februari 1988.

Mistari myekundu ipo. Majina 38 yamepigwa mstari mmoja mmoja kwa rula, na kando ya kila jina babu ameandika "imesamehewa" na tarehe. Tarehe ni moja kwa wote, siku chache kabla ya mlolongo. Ukigeuza ukurasa, unakuta kichwa cha habari cha neno moja, kwa kalamu ya buluu: *Hawakuja*. Chini yake kuna majina 11. Ni majina yale yale niliyoyaona yakifutwa, na mbele ya kila jina deni lake limeandikwa upya, mpaka senti.

Kwa wasomaji waliozaliwa baada ya hapo, mlolongo ulikuwa hivi. Kwenye uteuzi wa KANU wa mwaka 1988 hakukuwa na karatasi wala sanduku. Wenye kadi ya chama walikwenda uwanjani, wakapanga foleni nyuma ya mgombea au ya wakala aliyebeba picha yake, wakahesabiwa kama mbuzi wanaoingia josho. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alihesabika amepita. Hakuna kura nyingine. Watetezi wa utaratibu huo walisema ndio uwazi wenyewe wa Kiafrika, hakuna sanduku la kujazwa usiku. Viongozi wa makanisa waliupinga tangu ulipotangazwa mwaka 1986, wakisema utawagombanisha watu. Mwishoni mwa mwaka 1990 chama chenyewe kikauacha.

Mimi nilikuwa darasa la pili. Shule ilifungwa kwa sababu uwanja wetu ndio ulikuwa kituo. Nakumbuka picha ya babu ikiwa imeinuliwa juu ya fimbo ya ufagio, akiwa na tai ambayo sikuwahi kumwona nayo. Nakumbuka foleni yake ilikuwa ndefu, ikapinda kwenye goli. Nakumbuka pia kwamba iliyotangazwa kuwa ndefu ilikuwa ile nyingine. Kwetu hilo ndilo jeraha la ukoo: Mzee aliibiwa mchana, watu wakiona. Naamini aliibiwa. Lakini siku ile ile, akiwa amesimama kwenye jua na tai yake, babu naye alikuwa anahesabu. Aliwatazama waliosimama upande wa pili, akawakariri, akarudi dukani, akafungua kitabu.

Swali basi ni hili: je, yale yaliyofutwa kwa kalamu nyekundu yalikuwa msamaha?

Nitamtetea kwanza, maana ni babu yangu na karo yangu ya sekondari ilitoka katika duka lile. Pesa zilikuwa zake. Hakuiba mfuko wa umma, hakugawa ardhi ya mtu. Wagombea wengine wa siku zile walitoa pesa taslimu usiku. Yeye alifuta deni mchana. Wahenga wenyewe wamesema mkono mtupu haulambwi. Na hakuna anayetoa bila kutumaini kitu. Anayemsalimia jirani hutumaini kuitikiwa. Anayechanga kwenye harambee ya mwenzake hutumaini kuwa yake ikifika watu watakuja. Mama anayemnyonyesha mtoto hutumaini, hata kama hasemi, kwamba siku moja atapewa maji na mkono huo huo. Tukisema wema wenye tumaini si wema, tutabaki na wema wa malaika peke yake.

Utetezi huo naukubali mpaka mwisho wake. Tumaini si kosa. Kama babu angefuta madeni 38 akitumaini foleni 38, kisha akapata foleni 27, akafunga duka akaenda kulala na hasira yake, ningesema alitoa. Angekuwa ametoa kwa hila kidogo, kwa kujipendekeza, lakini ametoa. Kilichonisumbua ni ule ukurasa wa buluu, kwa sababu unarudi nyuma na kubadili ule mwekundu. Kitu ambacho mtoaji anaweza kukirudisha siku asipofurahi hakikuwa kimetoka mkononi mwake. Majina 11 yalipoandikwa upya, yale 27 yaliyobaki nayo yaligeuka. Hayakuwa tena yamesamehewa. Yalikuwa yamelipwa, kwa kusimama juani saa mbili.

Sasa linganisha na mwaka 1983. Mwaka ule babu hakujua nani alimpigia na nani alimnyima. Sanduku lilificha. Kwa hiyo mwaka uliofuata, njaa ilipokuja, hakuwa na orodha ya kushika. Mwanamke aliyeingia dukani na mtoto mgongoni alikuwa mwanamke mwenye njaa tu, si kura iliyopotea. Babu hakuweza kumwadhibu hata kama angetaka. Akampimia unga.

Tumezoea kusema kura ya siri inamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, na ni kweli. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliandika mwaka 1861 akitetea kura ya wazi. Alisema kura ni dhamana, na mwenye dhamana aitumie mbele ya macho ya wenzake. Uingereza haikumsikiliza, ikapitisha sheria ya kura ya siri mwaka 1872. Mill aliwaza mpiga kura angeona haya kufanya ubinafsi hadharani. Hakumfikiria vya kutosha mwenye duka. Mimi baada ya kusoma kitabu hiki naona kura ya siri inamlinda mwenye nguvu pia, inamlinda na nafsi yake. Inamlazimu akitoa aachie. Inamfungia mlango wa kurudi kudai, hivyo anabaki na njia mbili tu: atoe kwelikweli, au asitoe. Mlolongo ulimfungulia babu mlango wa tatu, naye akapita.

Nilitaka kuishia hapo, niandike makala yenye hoja safi, nilale. Lakini yule mwanamke wa mara kumi na tisa alikuwa miongoni mwa wale 11. Deni lake jipya lilikuwa 212/50. Nikauliza, nikaambiwa yu hai. Jumamosi ya soko nikapanda gari kwenda Taveta.

Nilimkuta kibarazani akichambua maharagwe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia babu, akanitazama kwa muda.

"Wa Mheshimiwa," akasema. "Una pua yake."

Sikujua jinsi ya kuanza, basi nikakitoa kitabu kwenye mkoba. Akacheka. "Hicho bado mnacho?"

Alinisimulia bila haraka. Mwaka wa njaa mume wake alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi na hakuwa ametuma kitu. Alikuwa akienda dukani anasema, "Mzee, niandikie kwa kitabu," na babu anaandika. "Hakuniuliza nitalipa lini. Wala hakunitazama vibaya. Watoto wangu wanne walivuka mwaka ule kwa mkono wake, sitakuficha." Mlolongo ulipokuja, mgombea mwingine alikuwa shemeji yake. "Sasa ningesimama wapi, mjukuu wangu? Shemeji yupo pale anakutazama, Mzee yupo pale anakutazama. Niligeuka nikasimama kwetu. Miguu ilikuwa inatetemeka."

Siku ya tatu alikwenda dukani kununua kiberiti. Babu hakumfokea. Alifungua kitabu juu ya kaunta, akakigeuza umwelekee, akaweka kidole kwenye jina. Kisha akamrudishia chenji yake.

"Ulifanya nini, Bibi?"

"Nililipa. Kila soko nikiuza ndizi napeleka kitu. Ilinichukua mpaka mwaka wa pili. Siku ya mwisho nikamwambia, Mzee, sasa mimi na wewe tuko sawa."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alichukua karatasi, akanipimia sukari robo, akaifunga vizuri. Nikatoa pesa, akakataa, ananisukumia mkono. Nikaona, aa. Nikaiacha pale pale kaunta nikaenda zangu."

Alisema hivyo kisha akaendelea na maharagwe yake. Hakuwa na uchungu. Mimi ndiye niliyekuwa nao. Nilikuwa nimefika na maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya ukoo, nikaona hayana pa kukaa. Yeye hakuwa anadai. Alikwisha kulipa, na kwa kulipa alikuwa amenunua haki ya kuiacha ile sukari juu ya kaunta. Nikaelewa kitu ambacho hoja yangu haikukigusa. Nilikuwa nikiuliza kilichowapata waliopewa. Sikuwa nimejiuliza kilichompata mtoaji baadaye. Baada ya ukurasa ule wa buluu, babu hakuweza tena kumpa mwanamke yule robo ya sukari, hata alipotaka kwa moyo wote, maana kila kitu kilichotoka mkononi mwake kilionekana kina mstari unaokisubiri kitabuni. Na unga wa 1984, ambao nina hakika ulikuwa wema mtupu, aliuingiza mwenyewe kwenye hesabu ya 1988, akauuza kwa kurudi nyuma.

Babu hakugombea tena. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi na noti mpya za mia tano zikawa zinatembea mpaka zikapewa jina la mwanasiasa, watu walimfuata wakimtaka asimame. Alikataa. Nikiwa mkubwa kidogo nilimuuliza kwa nini aliacha siasa. Alikuwa anafunga mlango wa duka, akasema tu, "Siku ile niliona watu." Sote nyumbani tuliichukua kwamba watu walimsikitisha. Sasa sina hakika ni nani aliyemwona.

Leo hatupangi foleni uwanjani. Tunapiga kura kwenye kibanda cha kadibodi, karatasi tunakunja wenyewe. Ila mwaka wa uchaguzi uliopita nilimsikia kijana wa bodaboda akilalamika kwamba ameambiwa apige picha ya karatasi yake ya kura kwa simu kabla ya kuitumbukiza, la sivyo asahau ile elfu moja. Nikamcheka. Sasa simcheki. Anayetaka ile picha anataka kitu kile kile alichokuwa nacho babu pale uwanjani: kuwaona wasiokuja.

Nilirudi nyumbani nikamwandikia baba mdogo. Nikapiga picha kurasa mbili za kitabu, ule wa unga na ule wa buluu, nikamtumia zote kwa WhatsApp. Nikamwambia habari za Mzee nitaziandika, tena kwa furaha, lakini ziende pamoja. Aseme baba yake aliwalisha watu mwaka wa njaa bila kuuliza, kisha akaingia uwanjani akawauliza. Na aahidi mbele ya watu kwamba yeye akitoa hatatazama nyuma.

Alipiga simu papo hapo.

"Huu wa pili nani anaujua?"

"Bibi wa maharagwe anaujua."

Akanyamaza kidogo, nikasikia anapiga hesabu. "Bibi ana kura moja," akasema.

Kijikaratasi kimeshachapishwa, nimeletewa nakala. Kina picha ya babu na ile tai. Kinasema alisamehe madeni ya watu 38. Huo ukurasa wa pili, kwa vile hakuna mahali pengine ulipopata nafasi, nimeuandika hapa.